Mbegu ya Mary Ann

Keki ya tufaha ninayoioka nyumbani haina siri. Unga gramu 250, sukari gramu 150, siagi gramu 125, mayai mawili, matufaha mawili machachu yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo, vijiko viwili vidogo vya beking pauda, mdalasini, karafuu. Inaingia kwenye bati refu lenye umbo la tofali na kukaa ndani ya oveni ya nyuzi 180 kwa muda wa karibu saa moja. Umeme ukikatika naihamishia kwenye sufuria, makaa machache chini na mengi nimepalia juu ya mfuniko, vilevile kama mkate wa sinia unavyookwa Unguja. Nyumba nzima inanukia. Wageni wakionja huiita keki ya kizamani.

Uzamani huo una mpaka. Mwanamke aliyeishi mwaka 1800, awe London au Boston, asingeweza kuioka hivi. Tufaha ninalotumia lilikuwa halijaota popote duniani, na unga unaoiumua ulikuwa haujatengenezwa. Keki hii ni mtoto wa karne ya 19, karne ya viwanda, ya meli za mvuke na ya mashamba ya karafuu. Kila kiungo kilichomo kina mtu aliyekihangaikia, na nimejizoeza kuuliza jina lake. Mara nyingi jina lililobaki ni la mtu mwingine.

Nianze na tufaha. Huku pwani neno lenyewe limeshikwa na tunda jingine. Kiarabu kilitupa tuffah, nasi tukampachika jina hilo yule mwekundu mwenye umbo la kengele, nyama laini na majimaji mengi, ambaye mti wake asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ndiyo maana sokoni watu husema epo, wasije wakafungiwa kingine. Tunda linaloitwa epo halina kwao pwani. Mti wake unataka baridi. Usipolala usingizi wa kipupwe hauchanui sawasawa. Kwa Tanzania utaukuta Lushoto na Njombe, mahali ambapo watu hutoka asubuhi na makoti.

Kwao hasa ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alifika karibu na mji uliokuwa ukiitwa Alma-Ata, akakuta misitu ya matufaha mwitu ikiuzunguka, matunda ya kila rangi na kila ukubwa, akatambua kuwa amesimama kwenye chimbuko. (Vavilov alifia gerezani Saratov mwaka 1943, katika nchi ambayo alitumia maisha yake kuitafutia chakula.) Aina zile nyingi alizoziona zinatokana na tabia moja ya mti huu: mbegu yake haifuati mama. Ukila tufaha tamu ukapanda mbegu zake tano, utapata miti mitano isiyofanana, na pengine yote itazaa matunda ya kuwapa nguruwe. Ukitaka tunda lilelile, ni lazima ukate kitawi cha mti ule na kukibebesha kwenye shina jingine, kama wakulima wetu wanavyobebesha miembe. Kupanda mbegu ya tufaha, kwa hiyo, ni kamari.

Mwaka 1809 kamari hiyo aliicheza msichana mmoja aitwaye Mary Ann Brailsford, katika Southwell, mji mdogo wa Nottinghamshire, Uingereza. Alipanda mbegu za tufaha, moja ikaota, mche ukahamishiwa bustani ya nyuma ya nyumba yao. Mti ukakua. Ukazaa matunda makubwa ya kijani, makali kwa uchachu kiasi kwamba mabichi hayaliki kwa raha, lakini yakipata moto yanalainika na kufura kama povu, na uchachu ule unabaki kuzihimili sukari na siagi. Ni tunda la jikoni.

Mary Ann aliondoka kwenye nyumba ile. Mwaka 1846 ilinunuliwa na mchinja nyama, Matthew Bramley, na bustani pamoja na mti wake vikawa mali yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1856, akaja kijana wa miaka 17, Henry Merryweather, wa familia ya wauza miche, akaomba vitawi vya kubebesha. Bramley akakubali kwa sharti moja: miche itakayouzwa iitwe kwa jina lake. Mauzo ya kwanza ya matufaha yenye jina hilo yaliandikwa tarehe 31 Oktoba 1862. Mwaka 1876 yalisifiwa na kamati ya matunda ya chama cha kifalme cha bustani. Tangu hapo, ukimwambia Mwingereza tufaha la kupikia, anakuelewa kuwa umesema Bramley.

Mary Ann alifariki mwaka 1852, miaka minne kabla kijana yule hajabisha hodi.

Sina ugomvi na mchinja nyama. Hakuiba kitu, alinunua nyumba, na mti ulikuwa ndani ya ua. Kinachonishika ni urahisi wa jambo lenyewe, jinsi sentensi moja iliyosemwa uani, iite kwa jina langu, ilivyotosha kuamua kila lebo ya kila kikapu kwa zaidi ya miaka 150. Aliyekuwa na hati ya nyumba ndiye aliyeulizwa. Mti wenyewe ulianguka kwenye dhoruba karibu na mwaka 1900, ukalala, halafu shina lililolala likachipua na kusimama upya. Kila mti wa Bramley uliopo duniani ni kipande cha ule wa Mary Ann, kwa kuwa mbegu yake, ukiipanda, haitakupa Bramley.

Bramley sijawahi kumkuta kwenye soko letu. Ninalotumia ni Granny Smith, lile la kijani linalong'aa, linaloletwa kwa makasha kutoka Afrika Kusini. Hili nalo lina mwanamke, na safari hii jina lilimfuata mwenyewe. Maria Ann Smith alizaliwa Sussex mwaka 1799, akahamia New South Wales na mumewe mwishoni mwa miaka ya 1830, wakawa wakulima wa matunda Eastwood, karibu na Sydney. Mwaka 1868 aliwaonyesha wakulima wenzake mche ulioota wenyewe shambani, mahali ambapo mabaki ya matufaha yalikuwa yametupwa. Alikufa mwaka 1870. Hakuuona umaarufu, ila majirani walioendeleza mti ule walikuwa wanamjua bibi mwenye mche, wakauita hivyo hivyo, wa Bibi Smith. Kwenye keki namsifia jambo moja zaidi: vipande vyake havipondeki. Bramley angeyeyukia ndani ya unga.

Sasa tuje kwenye kuumuka. Kabla ya beking pauda, keki iliumuliwa kwa hamira au kwa mkono. Katika kitabu chake cha mwaka 1747, Hannah Glasse anaelekeza keki ya ratili ipigwe kwa saa nzima, kwa mkono au kwa mwiko mkubwa. Anaiandika saa hiyo kama kitu kilichopo tu jikoni, kama chumvi. Katika nyumba zenye uwezo mkono huo ulikuwa wa kijakazi. Katika nyumba zisizo na uwezo keki haikuokwa.

Njia ya mkato ilitoka kwenye majivu. Walowezi wa Marekani walikuwa wakifyeka misitu na kuchoma magogo, na majivu yale, yakichujwa kwa maji na maji yakachemshwa hadi kukauka, hutoa chumvi kali inayofaa kwa sabuni na vioo. Biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba hataza ya kwanza kabisa ya Marekani, iliyotolewa tarehe 31 Julai 1790 kwa Samuel Hopkins, ilihusu utengenezaji wake. Ikisafishwa zaidi huwa nyeupe, na ikikutana na kitu kichachu ndani ya kinyunya hutoa hewa ya ukaa, viputo vinavyoinua unga. Mwaka 1796, Amelia Simmons alichapisha Hartford kitabu cha mapishi ambacho ndani yake chumvi hiyo ya majivu inatiwa kwenye vinyunya. Kwenye ukurasa wa jina amejitambulisha kuwa ni yatima wa Kimarekani. Ni utambulisho wa ajabu kwa kitabu cha keki, nami huupenda: aliona msomaji apaswa kujua kwamba ujuzi huu haukutoka kwa mama.

Jikoni kwetu elimu hii si ngeni. Waluhya wa magharibi mwa Kenya huchuja majivu ya mimea na kupata musherekha, maji ya kulainishia mboga za kienyeji. Sisi tunatia magadi kwenye makande ili maharage yasituchelewesha, na magadi yenyewe hukwanguliwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Magadi na Natron. Ni jamaa wa karibu wa soda ya kuokea. Mpishi wa Hartford na mpishi wa Kakamega wangeelewana bila mkalimani.

Taabu ya chumvi hizi ni kwamba peke yake haitoshi. Inahitaji uchachu, na uchachu wa maziwa mgando au wa tufaha hubadilika siku hadi siku. Hapo ndipo anaingia Alfred Bird, mkemia mwenye duka Birmingham, na hasa mkewe Elizabeth, ambaye mwili wake ulikataa mayai na ukakataa hamira. Mwaka 1837 Bird alimtengenezea kastadi isiyo na yai, kwa unga wa mahindi. Mwaka 1843 akachanganya soda na asidi, vyote vikavu, katika unga mmoja ambao hutulia mpaka upate maji, ili Elizabeth aweze kula mkate ulioumuka. Jeshi la Uingereza likautumia katika vita vya Crimea. Kopo likaandikwa Bird, jina ambalo, ukipenda, lilikuwa la Elizabeth pia.

Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya mume mwema, na sina sababu ya kumnyima wema wake. Ila ugonjwa ule ulikuwa kazi. Mtu alikaa mezani, akala, akaumwa, akasema hiki hapana, jaribu kingine. Bila mwonjaji hakuna kopo. Na kilichotoka kwenye kopo lile kiliirudisha saa ya Hannah Glasse mikononi mwa mwenyewe. Kuchanganya keki yangu kunanichukua dakika kumi. Dakika 50 zilizobaki mtu anaweza kufua, kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kulala. Katika keki yote hii, mimi nazihesabu dakika hizo kuwa ndilo tukio kubwa, kuliko tufaha, kuliko vita vya Crimea. Mama aliyefundishwa keki katika somo la sayansi kimu, akaja kuiuza vipande vipande mlangoni kwake baada ya kutoka kazini, biashara yake imesimama juu ya dakika hizo.

Imebaki karafuu. Waingereza wamezoea kuiweka karafuu pamoja na tufaha tangu zamani, na katika karne ya 19 karafuu hiyo ilianza kutoka kwetu. Si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne hiyo. Chini ya Sayyid Said mashamba yakatanda Unguja na Pemba, ardhi nzuri ya wenyeji ikachukuliwa, na kazi ikafanywa na watumwa, wengi wao waliotolewa bara hadi eneo la Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa. Kikonyo cha ua lazima kichumwe kabla hakijafunguka, kwa mkono, juu mtini. Halafu kinachambuliwa, karafuu upande mmoja, makonyo upande mwingine, na kuanikwa juani kwenye majamvi mpaka kigeuke rangi ya udongo. Mvua ikitishia, kila mtu anakimbia.

Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa. Amri ya kuondoa utumwa ikaja mwaka 1897, na hata hiyo iliwaacha nje masuria, wanawake ambao sheria iliwahesabu kama watu wa nyumbani kwa bwana. Wao walisubiri hadi mwaka 1909.

Kwa hiyo keki ya mwaka 1850, iliyookwa Birmingham kwa unga wa Bird, tufaha la bustani ya jirani na karafuu ya duka la pembeni, inaweza kabisa kuwa imebeba mkono wa mtumwa wa Unguja. Southwell ilimwandika Mary Ann mahali fulani, hata kama lebo ilimsahau. Mchumaji wetu hakuandikwa na Bramley wala na mwingine. Kilichoandikwa bandarini ni frasila.

Katika bati moja natia karafuu tatu, nimezitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo. Ya unga iliyofungwa dukani imeshapoteza harufu. Ukitia zaidi ya tatu, tufaha halisikiki tena.