Ushahidi wa Kioo cha Buluu

Lundo ni kata iliyo ukingoni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mtu wa huko ambaye kompyuta yake imezoea kukata kazi ghafla, na kuonyesha kioo cha buluu chenye maandishi meupe, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuitia mashine katika boksi na kuipandisha milima ya Umatengo mpaka Mbinga, au Songea, kumtafuta fundi. Ya pili ni kunakili maneno na tarakimu zilizo juu ya kioo kile na kumsomea fundi kwa simu. Njia ya kwanza ina nauli, tena ina hila isiyodhaniwa: pengine mgonjwa hufika kwa tabibu akiwa mzima. Mtikisiko wa safari hukaza kipande cha kumbukumbu kilicholegea, au umeme wa mjini huwa umetulia zaidi, na kosa halionekani. Mwenyewe hulipa, hurejea, na juma lile lile kioo huwa buluu tena.

Njia ya pili ina historia yake, nayo haikuanza kwa ushindi. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ya namna ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilizokabidhiwa mashine katika miaka iliyofuata zilivurugika. Gharama zilipanda, na wenyeji waliofundishwa kutafuta chanzo cha kosa walikuwa haba, hata ikawa lazima kuwategemea wageni. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Si haki kuicheka amri hiyo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini ikitazamwa kama uaguzi wa maradhi, ilikuwa na upungufu mkubwa: ilihukumu jinsi nzima ya mashine kabla ya kuamuliwa kama kosa lilikuwa katika chuma, katika programu, au katika mafunzo ya watumishi. Marufuku ililegea polepole, lakini vijana walioweza kujifunza kazi hiyo katika miaka ile hawakurudishiwa wakati wao.

Kioo cha buluu chenye tarakimu za ushahidi kilikuja na Windows NT 3.1, mwezi wa Julai 1993. Mwandishi wake, John Vert wa Microsoft, alichagua nyeupe juu ya buluu kwa sababu ndizo rangi alizozoea katika mashine na programu alizofanyia kazi. Hapakuwa na siri kubwa zaidi ya hiyo. Watu wengi hudhani kioo hicho ndicho maradhi. Kwa kweli ni mashine inayojizuia yenyewe: ikigundua kuwa kumbukumbu yake imeharibika, husimama kusudi, isije ikaandika uharibifu ule juu ya diski ya mwenyewe. Kabla ya kuzimika hutaja namba ya kosa, na ikiwa imeruhusiwa, huhifadhi nakala ya kumbukumbu yake ili ichunguzwe baadaye.

Hata wakubwa waliaibishwa nacho. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Windows 98 ilipokuwa ikionyeshwa hadharani mbele ya Bill Gates mwenyewe, skana ilichomekwa, kioo kikawa buluu, na ukumbi ukaangua kicheko. Kisa hicho kina funzo la kifundi ndani yake. Kilichoongezwa mwisho ndicho cha kushukiwa kwanza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa asilimia 85 ya maanguko yaliyoripotiwa ya Windows XP yalitokana na draiva, yaani programu ndogo ziongozazo vifaa, ambazo nyingi huandikwa na makampuni mengine.

Hata hivyo jina linalotajwa kwenye kioo si lazima liwe la mkosaji. Draiva moja yaweza kuchafua sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, kisha nyingine isiyo na hatia ikapita hapo na kuanguka. Aliyekutwa penye maiti ndiye huandikwa. Kwa sababu hiyo anguko moja halitoshi kuhukumu. Namba ikiwa ile ile kila mara, na jina lile lile, shaka huielekea draiva. Namba zikibadilika-badilika bila mpango, hushukiwa kumbukumbu, joto la vumbi lililoziba feni, au umeme. Kipande kimoja cha kumbukumbu hutolewa, na kilichobaki hujaribiwa usiku kucha. Namba 0x00000124 huelekeza kwenye chuma. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja hujinyima kujua kipi kilichoponya.

Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Mkosaji alijulikana siku ile ile, kwa kuwa kila kioo kilitoa ushahidi. Dawa ilikuwa kuifuta faili hiyo, ingawa kwa mkono, mashine baada ya mashine. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kukibadili kioo kuwa cheusi katika Windows 11. Namba ya kosa ikabaki.

Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018. Kabla ya hapo mkoa ulitegemea sana jenereta za dizeli. Aliye Lundo bado hufanya vema kuweka daftari: siku na saa, namba ya kioo, na kazi iliyokuwa ikifanywa. Maanguko yakikusanyika jioni, saa ambazo taa na majokofu ya jirani huwashwa, stebilaiza hutangulia kununuliwa. Yakitokea kila printa inapoitwa, draiva yake huondolewa. Na fundi wa Songea akisomewa kurasa mbili za daftari la namna hiyo, huweza kupeleka kipande kimoja cha kumbukumbu kwa basi, na kompyuta isitoke mezani pake.