Manga Zikigeuka Muvi za Saifai: Za Kucheki na za Kuruka

Kama ulianza kucheki muvi kwa kibanda pale Lumakanda, unajua sheria. Hakuna msee analipa mbao ili asome maandishi. Analipa aone ngumi na maroboti, na DJ Afro amchambulie kila kitu kwa Kiswahili. Sasa hapo ndio shida iko. Muvi za manga zenye zinatoka Hollywood zinakufikia, lakini fiti kadhaa zilitengenezwa Japani na zinaongea Kijapani, so unabaki ukidhani manga ikigeuzwa muvi lazima iharibike. Zii.

Tuelewane kwanza. Manga ni vitabu vya katuni vya Kijapani. Anime ni katuni yenye inasonga. Hapa tunaongelea muvi za watu wa nyama na damu, hadithi imetoka kwa manga, na ndani kuna saiborgi, viumbe wa anga ama miji ya kesho.

Yenye iliharibia zingine jina ni Dragonball Evolution ya 2009. Goku wa Akira Toriyama aligeuzwa mwanafunzi wa shule ya upili Marekani! Mashabiki waliwaka, na 2016 mwandishi wa skripti, Ben Ramsey, akaomba msamaha hadharani. Ukiipata kwa flashi ya mtu, ifute upate nafasi.

Ghost in the Shell ya 2017 si mbaya hivyo. Manga ya Masamune Shirow ilianza 1989, na inahusu askari mwenye ubongo wa binadamu ndani ya mwili wa mashine. Scarlett Johansson akapewa hiyo kazi, watu wakauliza mbona si Mjapani. Ilitumia kama dola milioni 110 na kuingiza kama milioni 170 dunia nzima, na ukitoa matangazo na mgao wa majumba ya sinema, hapo hakuna faida. Macho yatashiba, lakini lile swali zito la kama wewe bado ni wewe ukibadilishiwa mwili wote, limepitwa mbio.

Alita: Battle Angel (2019) ndio Hollywood ilipata. Manga ya Yukito Kishiro ilianza 1990. James Cameron aliikalia miaka mingi, Avatar ikamkula muda, mwishowe akampea Robert Rodriguez aongoze. Daktari anaokota kichwa cha saiborgi kwa jaa, chini ya mji wa Zalem wenye unaelea juu. Hii stori mtu wetu haitaji kuelezewa. Wa juu wanakula, taka inaangukia wa chini, na kila kijana anataka kupanda huko. Kuna kijana anang'oa viungo vya masaiborgi auze, apate doo ya safari. Fikiria vile watu huku wanauza ng'ombe wa boma ndio mmoja aende Ghuba, utamwelewa, hata kama hutamsamehe. Iliingiza zaidi ya dola milioni 400.

Sasa Japani. Shinsuke Sato aliongoza Gantz mbili mwaka wa 2011, kutoka kwa manga ya Hiroya Oku. Watu wanakufa, wanajikuta kwa chumba, mpira mweusi unawatuma wakapigane na viumbe wa anga. Parasyte (2014 na 2015) ni kali zaidi. Kidudu kinaingia mkono wa kulia wa mwanafunzi, mkono unaanza kumjibu! Mwongozaji ni Takashi Yamazaki, yule yule alishinda Oscar ya 2024 ya athari za picha kwa Godzilla Minus One. Terra Formars ya Takashi Miike (2016) ni mende wakubwa kwa sayari ya Mars. Mende, maze. Hiyo cheki na mbogi ukitaka kucheka.

Edge of Tomorrow ya Tom Cruise (2014) watu huitaja hapa, lakini ilitoka kwa riwaya ya Hiroshi Sakurazaka. Manga yake ilikuja mwaka huo huo wa muvi.

Na Akira ya Katsuhiro Otomo? Warner Bros. walinunua haki 2002, Taika Waititi akapewa, Mei 2021 ikatajwa, ikapita bila kitu.

Bando ikitosha moja, chukua Alita. Ikitosha mbili, ongeza Parasyte, na umwambie mwenye kibanda awasomee maandishi kwa sauti.