Sifa Mbaya ya Mabenki na Mishahara ya Vigogo Wake

Wako watu wanaodhani kwamba aibu inatosha kurekebisha mishahara ya wakubwa wa makampuni. Wanasema sekta ikichafuka jina mbele ya umma, vigogo wake wataona haya na kupunguza wanachojilipa. Hoja hii tuipime kwa historia ya mabenki katika nchi za kibepari tangu mwaka 2008.

Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York ilifilisika. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki, wakati wafanyakazi wakipoteza kazi na nyumba. Jina la mabenki likawa tusi. Je, malipo nayo yalianguka? Merrill Lynch, iliyopata hasara ya zaidi ya dola bilioni 27 mwaka huo, iligawa bonasi za dola bilioni 3.6 mwezi Desemba, kabla tu ya kumezwa na Bank of America. Machi 2009 kampuni ya bima ya AIG, ambayo serikali ilikuwa imechukua karibu asilimia 80 ya hisa zake, ililipa dola milioni 165 kwa watu wa kitengo kilekile kilichoiangusha. Utetezi wao ulikuwa kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba wasipolipwa wataalamu watakimbia. Hapa ndipo penye fundisho: sifa mbaya yenyewe iligeuzwa kuwa sababu ya kulipa.

Hasira ya umma haikukosa matokeo. Februari 2009 Rais Obama alitangaza kwamba wakuu wa makampuni yatakayopewa msaada wa pekee, mshahara wao usizidi dola 500,000 kwa mwaka. Tarehe 19 Machi Baraza la Wawakilishi lilipitisha kodi ya asilimia 90 juu ya bonasi hizo, kwa kura 328 dhidi ya 93. Muswada huo ulifia katika Seneti. Juni mwaka huohuo mabenki makubwa 10 yaliruhusiwa kurudisha dola bilioni 68 hivi, na kwa kurudisha yakajitoa katika masharti ya mishahara.

Uingereza, Fred Goodwin, aliyeiongoza Royal Bank of Scotland hadi ikaokolewa na serikali, aliondoka na pensheni ya pauni 703,000 kwa mwaka. Baada ya kelele za umma ikapunguzwa hadi pauni 342,500, na mwaka 2012 akavuliwa cheo cha Sir. Aibu ilimpata mtu mmoja, mfumo ulibaki. Mwaka 2014 Jumuiya ya Ulaya iliweka sheria kwamba bonasi ya benki isizidi mshahara, au mara mbili yake wenye hisa wakikubali. Mabenki ya London yakabuni posho za cheo na kuzihesabu kama mshahara. Oktoba 2023 Uingereza ikakifuta kikomo hicho.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kinachomzuia ni uzio, na uzio nao unahitaji mlinzi.

Sisi tulitaifisha mabenki tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, na masharti ya uongozi yakakataza kiongozi kuwa na hisa au mishahara miwili. Hata hivyo, mwaka 1971 ilibidi Mwongozo wa TANU uwakemee viongozi wenye kiburi na uonevu, na mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa Zanzibar. Kwa hiyo umilikaji wa umma ni sharti la lazima, lakini peke yake hautoshi.

Kada anayefundisha somo hili asiishie kuhesabu magari ya wakubwa. Auulize umma maswali matatu: nani anapanga mshahara wa mkurugenzi, nani anauona, na nani ana uwezo wa kuukataa? Mahali ambapo jibu la maswali yote matatu ni wakubwa wenyewe, hata jina likichafuka namna gani, mshahara hautashuka.