Kufa kwa Flash na Hatima ya Masomo Yetu

Mwalimu anapoandaa somo humfikiria zaidi mwanafunzi kuliko karatasi anayoandikia. Karatasi ikichakaa, somo hunakiliwa na kazi ikaendelea. Lakini tangu tulipoanza kuandaa masomo kwa kompyuta, tumejifunza kwamba karatasi yenyewe inaweza kuondolewa na mwenye kuitengeneza. Katika makala haya tumeonelea ni vyema tueleze kwa ufupi historia ya Flash, kwani ndani yake mna funzo kwa kila mwalimu wa lugha.

Mwaka 1996 kampuni ndogo ya Marekani ilitoa programu ya kuchorea picha zinazotembea, iliyoitwa FutureSplash. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Macromedia iliinunua, nayo ikaja kujulikana kwa jina la Flash. Mwaka 2005 Macromedia nayo ikanunuliwa na Adobe. Siku zile vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, havikuweza vyenyewe kuunganisha picha, sauti na mazoezi kwa urahisi. Flash ilichomekwa ndani yake ikaifanya kazi hiyo. Mwanafunzi aligusa picha, akasikia neno, akachagua jibu, akasahihishwa papo hapo. Si ajabu basi kwamba waandaaji wa masomo waliipenda.

Hata hivyo, Flash ilikuwa mali ya kampuni moja, tena ilikuwa na mianya mingi iliyotumiwa na wahalifu. Mwezi wa Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitoa barua ya wazi kueleza kwa nini simu za kampuni yake hazikuikubali. Novemba 2011 Adobe ilitangaza kuacha kuiendeleza kwa simu za mkononi. Oktoba 2014 kanuni za HTML5 zilipitishwa rasmi, na kwa kanuni hizo kivinjari chenyewe huweza kucheza sauti na picha bila kuchomekwa kitu. Julai 2017 Adobe ilitangaza mwisho wa Flash. Huduma zikakoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kufungua kazi zilizotengenezwa kwayo.

Taarifa ilitolewa miaka mitatu kabla, na waliojiandaa waliokoka. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ulikuwa na maonyesho mengi ya sayansi yaliyotengenezwa kwa Java na Flash. Watu wake walianza mapema kuyaandika upya, moja baada ya jingine, kwa HTML5. Leo maonyesho hayo hufunguka hata kwenye simu. Na kwa kuwa maneno yake yametengwa na programu, watu wengine huweza kuyatafsiri, na mengine yanapatikana kwa Kiswahili.

Sisi hatukujiandaa hivyo. Tulikuwa na sahani ya mazoezi ya ngeli, na mwaka 2021 ulipoanza haikufunguka tena. Faili za asili hazikuwapo, wala maswali hayakuwa yameandikwa mahali pengine popote. Ilitubidi tutafute kompyuta kuukuu isiyounganishwa na intaneti, yenye toleo la zamani la Flash, tukanakili maswali daftarini na kurekodi sauti upya. Katika kunakili tuligundua kwamba zoezi moja lilimkosoa mwanafunzi aliyejibu "rafiki yangu", likimtaka aseme "rafiki wangu". Kwa miaka mingi kosa hilo lilifundishwa mbele ya macho yetu, nasi hatukuliona kwa sababu mashine ndiyo iliyokuwa ikisahihisha.

Siku hizi ipo programu huria iitwayo Ruffle, ambayo huiga Flash na kufungua kazi za zamani bila kuziandika upya. Ni msaada mkubwa, ingawa si kila kazi hufunguka sawasawa. Lakini Ruffle isingalituonyesha kosa lile. Kuhamisha somo ni kulisoma upya, na msomaji anayefaa ni mwalimu.

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wengine baadaye wakaziandika kwa herufi za Kilatini. Tunazisoma leo kwa sababu kuna watu waliokaa wakapitia ubeti baada ya ubeti.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu: andikeni maswali na majibu katika maandishi ya kawaida kabla ya kuyapeleka kwa fundi, hifadhini faili za asili pamoja na sauti, chagueni kanuni zilizo wazi kwa wote. Na mwenye sahani ya zamani kabatini, aifungue sasa, maadamu kompyuta ya kuifungulia bado ingalipo.