Zilipendwa na Sauti Isiyo na Koo

Neno zilipendwa ni kitenzi kilichogeuka jina. Latuambia kwamba nyimbo fulani zilipendwa zamani, wala halimtaji aliyezipenda. Wajapani nao huziita nyimbo zao kongwe natsumero, kifupisho cha maneno yenye maana ya tuni inayoamsha hamu ya siku zilizopita. Neno lao latazama moyo wa anayekumbuka. Letu latazama wimbo wenyewe. Nimeyaweka pamoja maneno haya kwa kuwa huko Japani nyimbo za aina hiyo sasa huimbwa pia na sauti zilizoundwa kwa kompyuta. Jambo hilo lina funzo kwetu tunaohesabu mizani, hasa sisi tulio huku Karatu, njiani kwenda Ngorongoro, ambako sauti za wazee zinapungua mwaka hadi mwaka.

Kuimba kwa mashine si jambo la jana. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, kompyuta ya IBM 704 iliimbishwa na watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani. Wimbo waliouchagua haukuwa mpya: ulikuwa “Daisy Bell”, uliotungwa mwaka 1892. Basi, tangu mwanzo wake, mashine iliazima zilipendwa.

Mwaka 2004 zilitoka sokoni programu za kwanza za Vocaloid, teknolojia ya kampuni ya Yamaha. Mwaka 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya mjini Sapporo ikaitumia kumtoa Hatsune Miku, mwimbaji asiye mtu. Mwigizaji Saki Fujita alirekodiwa akitamka vipande vya sauti. Mtumiaji huandika maneno na noti zake, na programu huviunga vipande vile vikawa wimbo. Jina la Hatsune Miku lina maana ya sauti ya kwanza ya wakati ujao. Hata hivyo, watu hawakukawia kumwimbisha nyimbo za kale.

Mshairi wa Kiswahili akiutazama ufundi huu hatauona mgeni. Kijapani hupimwa kwa vipande vifupi vya sauti, na vingi vyake huishia na irabu. Mashairi yao ya jadi huenda kwa vipande vitano na saba. Hata n yao husimama peke yake: neno Nihon, yaani Japani, lina vipande vitatu, ni-ho-n. Nasi twafanya vivyo hivyo. Neno “nne” ni mizani mbili, na “mtu” vilevile. Chukua mshororo huu niliouunga kwa ajili ya mfano: “Sauti ya mtu hai, yataka kuitikiwa.” Ukwapi una mizani nane, utao una mizani nane, na m ya “mtu” imehesabiwa peke yake kama ilivyo desturi. Mshororo kama huo waweza kugawiwa noti kumi na sita bila silabi kubaki wala kupungua. Kwa hiyo sauti ya kuundwa itakapokuja kuziimba zilipendwa zetu, umbo la lugha halitaizuia.

Lakini Karatu si nchi ya lugha moja. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, yenye toni na konsonanti za kooni ambazo Kiswahili hakina. Kidatoga na Kimaasai ni lugha za Kiniloti. Ukiteremka hadi Mang’ola, kando ya Ziwa Eyasi, utawasikia Wahadzabe ambao maneno yao yana sauti za kidoko. Mashine iliyozoea silabi nyepesi haina vipande vya kuwaimbia hawa, na vipande hivyo havipatikani popote isipokuwa katika makoo ya wenye lugha.

Wako watakaosema kwamba tulikwisha kuizoea sauti isiyo na mwili. Ni kweli. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikaimba katika nyumba ambazo yeye hakuzikanyaga. Alifariki mwaka 1950, sauti ikabaki. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, na hadi leo redio humleta sebuleni. Hata hivyo, santuri hurudia yale ambayo mtu aliyasema kwa hiari yake. Haimtii marehemu maneno mapya kinywani.

Mstari huo ulivukwa Japani mwaka 2019. Shirika la utangazaji la NHK, likitumia teknolojia ya Yamaha, liliiunda upya sauti ya Hibari Misora, mwimbaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1989, naye akaimba wimbo mpya uitwao “Arekara”. Wimbo ule ulikuwa na sehemu ya maneno ya kusemwa, kana kwamba marehemu anawasalimu mashabiki wake. Wapo waliolia kwa faraja. Wapo pia walioona ni kufuru, akiwemo mwanamuziki Tatsuro Yamashita.

Mimi naipima hoja hii kwa slufay, utenzi wa baraka wa Wairaqw. Mzee husimama akanena, akiombea watu, mifugo, mvua na nchi. Na kila anapotua, waliokusanyika humwitikia. Nilipousikiliza sikuweza kuutenga utungo na kiitikio, kwa maana pumzi ya mzee huanzia pale ya wenzake inapokomea. Huko Ngorongoro nako Wamaasai huimba bila ngoma: mmoja huongoza, na makoo ya wengine hushika mapigo mazito chini yake. Katika sanaa hizi mbili sauti moja ni nusu tu ya wimbo. Ukiiumba sauti ya mzee kwa kompyuta, utakuwa umempata msemaji. Wa kumjibu atoke wapi?

Siikatai mashine. Kijana wa Karatu aliyesahau Kiiraqw cha bibi yake huenda akajifunza kwayo, na hilo si dogo. Ninachokiogopa ni mpangilio wa kazi: kwamba tutaanza kuunda sauti kabla ya kuwasikiliza wenye nazo, kisha tuite kilichopatikana urithi. Japani ilikuwa na rekodi nyingi za Hibari, na bado watu walibishana. Sisi wazee wetu wengi hawana hata kanda moja, na idhini haiombwi kaburini.

Basi nakuomba, msomaji mwenzangu, mwenye simu mkononi na mzee nyumbani: mrekodi. Muulize kwanza kama anaridhia, na sauti yake itumiwe kwa kazi gani. Andika jina lake, kijiji chake, lugha yake na siku yenyewe. Wala usiwafukuze wajukuu ili upate ukimya. Waache waketi karibu, waitikie.