Nani Ameshika Maiki?

Kuna watu hudhani filamu fupi ni mambo ya vijana wa juzi wenye kamera za kuazima. Zii. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza walitumia pesa za Carnegie kutoka Marekani kutengeneza filamu 35, nyingi zikiwa fupi: safura, kahawa chini ya migomba, akiba ya posta. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa kwenye santuri, ili picha ileile iongee Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Kisha lori likazizungusha, Kenya ikiwemo.

Shika hapo kwenye santuri. Picha ni ya mmoja, mdomo ni wa mwingine.

Embu na Meru waliujua mdomo huo kwa ubaya. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wilaya hizi mbili zilibanwa pamoja na za Wakikuyu: pasi, kafyu, vijiji vya lazima. Magari ya sinema ya serikali nayo yakatumwa mashambani. Jenereta, kitambaa cheupe, na msemaji mwenye maiki akikueleza unachopaswa kuona. Kucheka ungecheka. Kumjibu ilikuwa kesi nyingine.

Maiki ilibadilisha mkono kwenye vibanda vya video. Mabati, benchi, pazia zito mlangoni, shilingi 10 au 20 na umeingia. Maua ukiwa na miraa shavuni, upande wa Mbeere muguka. Kiingereza cha Commando ya 1985 hakikumsumbua mtu, kwa sababu DJ Afro alikuwa juu yake, akitafsiri kidogo na kutunga sana, Kiswahili na Sheng kwenye sufuria moja. Ukitaka muite mkalimani. Mimi namwita mwandishi wa pili wa filamu. Kila mtu alijua steringi hafi. Watu walilipa kusikia Afro atawafikisha vipi huko.

Waganda wakapiga hatua nyingine. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ikawa sehemu ya filamu yenyewe, akishangilia na kuwatania waigizaji. Sasa inapendwa na mashabiki wa sinema za ajabu dunia nzima. Mwaka 2019, Crazy World ya Nabwana ilionyeshwa Toronto, kwenye kitengo cha usiku wa manane. Yule mtu wa kibandani alifika tamashani bila kubadilisha nguo.

Filamu fupi zetu zimesafiri njia ya kinyume. Pumzi ya Wanuri Kahiu, dakika 21 hivi, ilitoka 2009 na ikaonyeshwa Sundance 2010. Asha anaishi ndani ya jamii iliyofungiwa baada ya vita vya maji, ambako hata jasho huchujwa ili linywewe. Jamii hiyo inaitwa Maitu, yaani mama kwa Kikuyu. Mtu wa Embu hahitaji kamusi hapo.

Wala hahitaji kuelezwa kuhusu maji. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: mabwawa matano ya umeme yamepanga foleni kwenye Mto Tana, na juu yake kuna Mbeere iliyokauka, na mama na punda na mitungi. Asha angeshuka stendi ya Kiritiri na asishangae chochote isipokuwa wingi wa watu.

Lakini Pumzi ni filamu ya wasomi na matamasha. Kibandani, Afro na Commando wake ndio wenye nyumba. Tumezoea kulaumu ladha ya watazamaji. Nadhani tunakosea lawama. Hakuna aliyeipa Pumzi mdomo. Na ndiyo filamu inayofaa kabisa: wahusika wake huongea kidogo mno, dakika nzima hupita kimya, mchanga tu na pumzi za Asha. Msimulizi gani wa video angeona nafasi kubwa hivyo na asichukue maiki?