Thumni ya mjane na ekari ya Madale
Mashamba ya Madale, Kinondoni, yanazidi kumegwa viwanja. Mzee akifariki, familia ya Kiislamu inakabiliwa na swali gumu: thumni (1/8) ya mjane katika robo tatu za ekari ni kiasi gani? Hilo ni fumbo la kuzidisha sehemu, na lilitangulia shule zetu kwa karne nyingi.

Wamisri waligawana mikate kwa sehemu tangu zama za mafarao. Baghdad, karibu mwaka 820, mwanahisabati al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra na kujaza kurasa nyingi hesabu za mirathi. Pwani yetu, kibaba kilikuwa robo ya pishi.

Mvutano ulizuka pale mafungu yalipozidi mali. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti theluthi mbili, kila mzazi sudusi (1/6). Jumlisha: 27 juu ya 24! Inasimuliwa kwamba Khalifa Ali bin Abi Talib aliulizwa hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui (1/9). Kila mrithi anapunguziwa kwa uwiano. Njia hiyo, iitwayo aul, ilianza zama za Khalifa Umar. Sahaba Ibn Abbas aliipinga, akishikilia kuwa wapo warithi wasiopaswa kuguswa, na wengine ndio wabebe upungufu. Madhehebu manne ya Sunni yakafuata aul, Mashia wakaikataa.

Tuilete Madale. Mitaani ekari huhesabiwa hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Thumni ya robo tatu ni 3/32, karibu hatua za mraba 459. Ikiwa tusui, ni 1/12, karibu 408. Mjane amepungukiwa hatua za mraba 51, nafasi ya kutosha vyumba viwili.

Tangu 1967 watoto wa shule za msingi za serikali wanafundishwa kuzidisha sehemu kwa Kiswahili: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Inauma kuona mafumbo yakiishia kwenye keki na machungwa, ilhali huenda mmoja wao ana bibi anayegombea ardhi, na nyumbani hakuna wa kumkagulia bibi huyo hesabu. Na kipimo chenyewe hutofautiana: mradi wa serikali wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulipima Mivumoni jirani kwa mita za mraba. Kwenye mashamba yasiyopimwa, hatua za mguu bado ndizo zinazoamua mpaka.